Atakayechana Amepoteza

Riziki ya kiangazi kile Gavin Prowse aliiokota chini ya meza ya watu wengine. Alikuwa amekaa nje ya mgahawa mmoja wa Unley, mtaa wa wenye nazo mjini Adelaide, Australia, kofia imemfunika uso, anajitia kusoma gazeti. Meza ya pili walikaa wanawake watatu wenye miwani ya jua ya bei mbaya, na chini ya meza yao walilala mbwa watatu wa mbegu ya pudeli, nywele zimejisokota kutoka kichwani hadi mkiani, wanahema kwa joto la Desemba. Mwanamke mmoja alikuwa akilia machozi ya kweli. Kinyozi wa mbwa, alisema, alikuwa amemrudishia mbwa wake kipara kama panya aliyezaliwa jana, eti nywele zilikuwa zimeshikana hadi kwenye ngozi na hazikuwa na dawa ila mashine.

"Nilimnunua kwa sababu hapukutishi nywele," alisema. "Hakuna aliyeniambia kuna kuchana."

Wenzake wakampapasa bega na kukiri kwamba wao pia hawachani. Nani ana muda? Gavin akalishusha gazeti kidogo. Ndani ya kichwa chake, ambamo kwa kawaida mlikuwa na upepo tu, kitu kilianza kusogea.

Hapa msomaji avumilie maelezo kidogo, maana upumbavu huu ni wa mji mzima na unastahili heshima yake. Mbwa wa kawaida hupukutisha nywele kwenye kochi, mwenye nyumba akanuna, akafagia, yakaisha. Mbwa wa mbegu ya pudeli hapukutishi. Nywele yake ikifa haiendi popote. Inabaki humohumo ndani, inaishika iliyo hai, zinafungana vifundo, na baada ya wiki sita mbwa amevaa busati chini ya koti. Anayetaka kochi safi sharti achane, na achane hadi kwenye ngozi. Watu wa Unley walitoa maelfu ya dola kununua mbwa ili wasifagie, kisha wakashangaa kwamba kuna chanuo. Wengi wao wana digrii.

Gavin mwenyewe hakuwa na digrii, ila alikuwa na meno mazuri na mdomo usiochoka. Aliwahi kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa watu waliopanga vyumba vya chini, na aliwahi kupeleka basi zima la wastaafu kutazama ndege bwawani, bwawa ambalo lilikuwa limekauka miaka minne. Sasa alikuwa na trela la manjano la kuogeshea mbwa, alilorithi kwa rafiki aliyehamia Queensland kwa haraka zake. Aliwaogesha mbwa vibaya, na mbwa walimjua. Lakini trela lilikuwa lake kwa hati zote, na ndicho kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho duniani.

Jioni hiyohiyo akachanganya kondishena ya dukani, siki, maji ya bomba na matone ya mafuta ya mkaratusi, akayatia kwenye chupa za kahawia. Akaiita Kifunga-Unywele. Kesho yake alikuwa barabarani.

"Mama yangu," alimwambia mteja wa kwanza, akimshika mbwa kidevu kama daktari, "unywele wa mtoto huyu ni kamba isiyo na fundo mwishoni, ndiyo maana unahangaika. Udongo wa Mto Murray unaufunga. Wiki sita huchani. Ila ukichana, hata mara moja, umevunja fungo, na hapo mimi simo."

Hiyo "mimi simo" ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe. Wiki ya nne mteja alipiga simu analalamika kwamba mbwa ana vifundo, na Gavin, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, aliuliza swali moja tu: ulichana? Hata kidogo, pale nyuma ya sikio? Hakuna hata mmoja ambaye hakuwa amejaribu. Waliona haya, wakaomba radhi, wakalipa tena. Na kila mbwa alitoka kwenye trela lile amefumka kama pamba, kwa sababu Gavin alimpuliza kwa kikausha nywele na kumpitishia brashi laini juujuu. Brashi haina neno na mtu, inateleza juu na kusifu kila inachokiona. Chanuo la chuma ndilo shahidi, linashuka hadi kwenye ngozi na kukwama penye uongo. Gavin hakuwa na chanuo, wala hakutaka kuliona.

Ndipo akakutana na Heather Tregenza.

Mama Tregenza alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, amevaa nguo nyeupe tupu za mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, mchezo ambao wazee wa kule huucheza kwa chuki ya kimyakimya. Mbwa wake, Moonta, alikuwa na ukubwa wa ndama. Alimsikiliza Gavin mwanzo hadi mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, hakumkatiza hata mara moja. Gavin aliuona ukimya ule akaudhania ujinga. Wanafunzi wake wa miaka arobaini wangeweza kumwonya, lakini hawakuwepo.

Alipomaliza, mama yule aliuliza kama mapishi ya dawa yale yanauzwa. Chamani kwao, chama cha mchezo huo, alisema, kila mtu ana mbwa wa namna hii, na vinyozi wamejaa hadi Pasaka. Mtu mwenye dawa kama hiyo angeweza kufungua biashara ya kweli. Yeye ana akiba yake, inamkalia bure benki. Akataja dola elfu arobaini kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya.

Gavin alikohoa ili apate muda. Huko Mannum, kwenye huo Mto Murray aliousingizia kila siku, palikuwa na nyumba ya kuelea inauzwa: vyumba viwili, baraza la kuvulia samaki, jiko la gesi. Alikuwa ameitembelea mara tatu, kajilaza kitandani, kamwambia mwenyewe ataichukua mwisho wa mwezi wa tatu. Bei yake ilikuwa hiyohiyo, na mtu mwingine alikuwa akiinyemelea.

Walikaa jikoni kwa mama yule, chai mezani na keki za nazi. Makubaliano aliyaandika Gavin kwa mkono wake, kwa sababu hakuwaamini walimu. Wiki sita. Moonta anapakwa Kifunga-Unywele na hachanwi. Wiki sita zikiisha, kinyozi wa kweli anapitisha chanuo la chuma kutoka sikioni hadi mkiani. Likipita, mama ananunua mapishi. Likikwama, trela la manjano ni la mama. Kisha Gavin, kwa furaha ya mtu anayetega, akaongeza kifungu cha tatu: upande wowote utakaomchana mbwa kabla ya siku hiyo umepoteza, na dhamana yake ni ya mwenzake. Dhamana ya mama ilikuwa dola elfu tano kwenye bahasha, ndani ya kopo la biskuti juu ya jokofu.

Alichopanga kilikuwa rahisi. Anawajua wanawake wa Unley. Hawachani wakiambiwa wachane, lakini ukiwakataza mikono inawawasha. Mama huyu atachana kabla ya Ijumaa, na bahasha itashuka juu ya jokofu. Hizo elfu arobaini hakuzitarajia, zilikuwa harufu tu; alichokitaka ni hizo elfu tano.

Mama Tregenza alisoma karatasi mara mbili, akatia saini. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa chanuo la chuma, zuri, zito, meno marefu, akamkabidhi.

"Kaa nalo wewe, Bwana Prowse," alisema. "Lisije likanishawishi."

Gavin alilitia mfukoni kwa shukrani. Akacheka peke yake njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa ilipita. Mama hakuchana. Ijumaa ya pili Gavin akapita kusalimia, akamkuna Moonta nyuma ya sikio kwa mapenzi ya uongo, na vidole vyake vikakutana na kifundo kigumu cha ukubwa wa njegere. Akapapasa kwapani, akakuta vitatu. Pale mkanda unapopita kifuani, nywele zilikuwa zimeanza kulala pamoja.

Alijaribu kumponza. Akasema Moonta leo anaonekana mnyonge, labda sikioni hapo, kidogo tu, kuchana si neno, nani atajua? Mama akamtazama juu ya miwani.

"Unanijaribu, Bwana Prowse," alisema. "Mimi nikitia saini nimetia saini. Hata ukinipa chanuo sitaligusa."

Ndipo Gavin alipoelewa kwamba ameangukia mtu mwaminifu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumtokea kazini. Hakuwa na mpango wa watu waaminifu. Akienda hivi, wiki ya sita chanuo litakwama shingoni kwa Moonta mbele ya mashahidi, na trela litakwenda. Lakini kama vile vifundo visingekuwepo, hilo pia lilimjia taratibu, tena kwa utamu, basi si trela tu litabaki. Chanuo litapita, na mama huyu mwaminifu atalipa kwa uaminifu uleule. Nyumba ya kuelea ikamjia machoni, na baraza lake.

Mama alikuwa ameshasema mara mbili, tena kwa sauti, kwamba Jumanne hadi Ijumaa yuko chamani kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, na kwamba ufunguo wa chumba cha kufulia anauweka chini ya chungu cha maua, maana akili ya uzee. Gavin alimsikitikia. Jumanne saa nne na dakika tano alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, chanuo mkononi, anavunja nyumba ya watu ili amtunze mbwa wao.

Hakujua aanzie wapi. Alivuta, Moonta akalia. Alivuta tena, Moonta akamkalia. Usiku ule ikabidi atazame mafunzo ya vinyozi kwenye simu, yeye ambaye amekula kwa jina la ukinyozi mwaka mzima. Akajifunza kwamba mtu huanzia kwenye unyayo na kupanda. Kwamba nywele huinuliwa kwa kiganja na kushushwa mstari kwa mstari, kila mstari ngozi ionekane. Kwamba kifundo hakivutwi, kinafumuliwa kwa vidole kutoka nje kuingia ndani, kwa kondishena kidogo. Kondishena alikuwa nayo, chupa sitini. Akajifunza pia kutazama katikati ya vidole, maana kiangazi kile nyasi za kule huzaa mbegu zenye ncha kama sindano, zinajificha kwenye nywele na kutoboa nyama. Aliitoa moja kwenye mguu wa Moonta, na mbwa akamlamba sikio. Gavin akajifuta kwa chuki.

Wiki ya tatu mama alipiga simu. Dada yake, Merle, anafanyiwa upasuaji wa nyonga, amemwachia mbwa wake wawili wadogo, Toast na Marmalade. Ameona awapake dawa na wao, waingie kwenye majaribio chini ya karatasi ileile. Chanuo likiwapita, ataongeza elfu tano kwa kila kichwa. Kuna tatizo?

Mtu anayeiamini dawa yake hana namna ya kusema kuna tatizo. "Hata kumi, mama," alisema Gavin, na alijuta kabla hajakata simu.

Hawakufika kumi. Walifika saba. Mtunza hazina wa chama alileta wake, jitu jeusi lililoitwa Brigadier, ambalo nywele zake zilikuwa nzito kama za kondoo wa Merino. Halafu akaja mbwa wa katibu, halafu wa jirani, halafu wa mwanamke ambaye Gavin hata hakuambiwa jina lake. Na bahati ilivyomwendea vizuri mjinga huyu, wiki ya nne mama akamwarifu kwamba mashindano ya chama yameanza, kwa hiyo anatoka saa mbili asubuhi na kurudi saa tisa. Gavin aliishukuru bahati kwa sauti.

Sasa tumtazame tapeli mkubwa wa Adelaide. Trela limefunikwa turubai, wateja hawapokelewi simu. Siku nne kwa wiki anaketi sakafuni saa sita mfululizo, joto digrii arobaini na moja, kiuno kimekaza, kifundo cha mkono kimevimba. Mbwa saba wanapanga foleni wenyewe mbele yake, wameshajua zamu. Yeye ameshajua kwamba Toast hataki mguu wa kushoto uguswe kwanza, na kwamba Brigadier hulala akiimbiwa. Kwa hiyo alimwimbia. Aliimba vibaya. Na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kufungwa saa sita, aliwasimulia mbwa mambo yake yote: mitambo ya jua, bwawa lililokauka, nyumba ya kuelea na baraza lake. Mbwa walimsikiliza kuliko alivyowahi kusikilizwa na binadamu, jambo linaloonyesha kiwango cha watu aliozoeana nao.

Siku ya mwisho ikawa Jumamosi, barazani kwa chama. Akina mama wote walikuwepo na nguo zao nyeupe, sahani za mikate ya vitunguu magotini. Hata Merle alikuja, na alitembea vizuri mno kwa mtu aliyepasuliwa nyonga wiki tatu zilizopita. Gavin hakuligundua hilo. Alikuwa amevaa koti, na mfukoni alikuwa na kalamu ya kusaini.

Kinyozi wa kweli alitoka Norwood, Rosanna Zito, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkata kuni, ambaye hakumsalimia. Alimweka Moonta mezani, akashika chanuo lake, akaanzia sikioni. Chanuo likateremka shingoni, begani, kwapani ambapo kila mbwa wa namna hii husema ukweli, ubavuni, pajani, likatoka mkiani bila kusita. Akawapitia wote saba, mmoja baada ya mwingine. Gavin aliusikia mto ukipiga chini ya sakafu ya nyumba yake ya kuelea.

Rosanna akalifuta chanuo. "Hii kazi ni safi," alisema. "Sijaona safi kama hii mwaka huu. Nani kaifanya?"

"Udongo wa Mto Murray, dada," alisema Gavin kwa unyenyekevu.

Mtu mmoja nyuma alipaliwa na chai. Mama Tregenza alisimama, akakunjua karatasi, akamwomba Gavin awasomee kifungu cha tatu, kwani macho yake hayafai. Gavin akasoma. Upande wowote utakaomchana mbwa umepoteza.

"Mwandiko wa nani huo?"

"Wangu, mama. Na ninyi hamkuchana, nawapa heshima zenu."

"Hatukuchana," alisema mama, na akamwashia televisheni kubwa ya chama, ile ya kutazamia kriketi.

Kwenye kioo kilionekana chumba cha kufulia, kutoka juu, mahali ilipokuwa saa ya ukutani, yenye kamera ndani. Sakafuni alikaa mwanamume mwenye jasho, Brigadier amemlalia mapajani, chanuo linakwenda mstari kwa mstari, na alikuwa akiimba. Kisha akaacha kuimba, akamwinamia mbwa.

"Dawa gani, mzee?" alisema Gavin wa kwenye televisheni. "Kondishena na maji ya bomba. Hawa wazee nimewaingiza mjini wote, na huyu mwalimu ndiye mjinga wao."

Akina mama waliyasema maneno hayo pamoja naye, wote, kwa sauti moja, kama watu walio kanisani. Walikuwa wameyakariri. Hakukuwa na mashindano yoyote. Kwa wiki nne walikuwa wamekaa mbele ya kioo kile kila Gavin alipoingia, na chai na biskuti, wakimtazama. Walishabishana ni siku gani aliimba vibaya zaidi, na mtunza hazina alikuwa amelia siku ile ya mbegu ya nyasi. Mama Tregenza akaonyesha kwa kidole rafu iliyo chini ya televisheni. Chupa za kahawia zilikuwa zimepangwa pale, saba, hazijafunguliwa hata moja.

"Mmenipiga changa la macho," alisema Gavin. "Mmenifanyisha kazi bure. Mmenirekodi bila ruhusa yangu."

"Nyumba yangu, saa yangu, mbwa wangu," alisema mama. "Wewe uliingiaje? Ukitaka twende tukaulize polisi, gari langu lipo nje."

Hakutaka. Alimtazama Rosanna Zito, labda atapata huruma ya fundi kwa fundi. Rosanna alikuwa akilitazama chanuo lililochomoza kwenye mfuko wa koti lake.

"Mkono unao," Rosanna alimwambia. "Ni aibu kwamba unao wewe."

Akatoa funguo za trela, akaziweka juu ya karatasi aliyoiandika mwenyewe. Bahasha ilibaki kwenye kopo la biskuti. Nyumba ya kuelea ilinunuliwa wiki hiyohiyo na fundi bomba wa Murray Bridge, mtu asiyejua hata kuvua samaki. Gavin aliumia, na aliumia kweli. Tusimlilie.

Alipofika getini Mama Tregenza alimwita, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyesahau daftari. Alisema chama sasa kina trela na hakina mtu wa kuliendesha. Mshahara ni wa kila wiki, si mkubwa. Chanuo akae nalo. Jumanne, saa mbili.

Gavin alimwambia kwa adabu kwamba afadhali afe. Jumanne saa mbili kasorobo alikuwa amesimama kando ya chungu cha maua.

Msidhani ameongoka. Hakuwa na pa kwenda, na kazi nyingine hakuijua; na kama moyoni alikuwa akimkumbuka Brigadier, hilo ni lake na Brigadier. Akina mama nao wasijione bora. Wiki ileile majaribio yalipoisha, mbwa saba walirudi kwa wenyewe wakiwa wamechanwa kama mbwa wa kifalme, na hakuna hata mwenyewe mmoja aliyenyanyua chanuo. Kufika Pasaka wanne walikuwa na busati. Yule wa mtunza hazina, aliyelia, ndiye aliyenyolewa kipara.

Trela likapakwa rangi nyeupe, na ubavuni likaandikwa: Tunachana hadi kwenye ngozi. Mama Tregenza alikaa mbele na kitabu cha miadi. Gavin alichana nyuma. Asubuhi moja ya mwezi wa tano alikuja mwanamke kijana wa Unley, mbwa mdogo wa rangi ya asali mkononi, akamweka mezani. Gavin alimpapasa mbwa nyuma ya sikio kabla hata hajajibu salamu. Kilikuwepo, cha ukubwa wa njegere.

Mwanamke alisema amechoka na habari ya kuchana. Akasogea karibu na kushusha sauti. Je, hakuna dawa? Kitu cha kupaka, ili mtu asichane tena?

Gavin alimtazama. Aliitazama miwani yake, mkoba wake, gari lake lililoziba njia. Maneno yote yalikuja yenyewe, kwa foleni, kama mbwa wa chumba cha kufulia: kamba isiyo na fundo, udongo, wiki sita. Mbele ya trela Mama Tregenza akafunua ukurasa wa kitabu chake, taratibu.

"Hakuna, mama," alisema Gavin. "Ni kuchana tu. Kila siku, hadi kwenye ngozi."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kwenye mdomo ule tangu alipoota meno yale mazuri, na alilisema vizuri. Mwanamke akamtazama kwa dharau, akamchukua mbwa wake mezani.

"Hujui kazi wewe," alisema. "Kuna kijana kule Glenelg, ufukweni, anayo, ya udongo wa baharini. Nilikuwa nataka tu kulinganisha bei."